Sikio lililoziba siku tisa: kisa cha mpiga makachu wa Forodhani

Bibi alitangulia kuingia. Mjukuu alimfuata kichwa kakilaza upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza kitu kilichomo begani mwake. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mtoto ana miaka 13, anasoma skuli hapa mjini Unguja, na Jumamosi maji yakijaa humkosi Forodhani, ukutani pale, na wenzake wakipiga makachu: mbio, kuruka, kujipindua hewani, kisha kichwa mbele hadi baharini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakuletea huyu. Maji yamemwingia sikioni tangu Jumamosi ile, hayataki kutoka. Mtoe hayo maji, na mimi nipate kulala."

Mimi ni tabibu, na ombi hili nalisikia kila kaskazi, hasa maji ya bamvua yakiangukia siku za mapumziko. Kisa cha mtoto huyu nimekiandika kwa kirefu, kwa idhini ya bibi yake na kwa kuyaondoa yanayoweza kumtambulisha, kwa sababu nilipochungulia sikio lake sikukuta hata tone la maji ya bahari. Maji yalikwishatoka zamani. Kilichobaki mle ndani ni vitu vilivyotiwa ili kuyafukuza.

Siku tisa zilivyopita

Jumamosi ya kwanza aliruka vibaya. Hakuingia majini wima. Aliangukia ubavu wa kulia, bahari ikampiga shavuni na sikioni. Alipoibuka, sauti za wenzake zilikuwa mbali, na yake mwenyewe ikivuma kama ya mtu aliyetia kichwa mtungini. Akafanya wanayofanya watoto wote wa pwani: akainamisha kichwa, akarukaruka kwa mguu mmoja, akajipiga kofi upande wa pili. Mwenzake mmoja akamwambia dawa ya maji ni maji, ajaze sikio kwa kiganja kisha ageuze kichwa ghafla. Akajaza, akageuza, sikio likabaki vilevile.

Usiku ule, amelala ubavu, alihisi kitu cha uvuguvugu kikitiririka hadi kwenye mto wa kulalia. Hakumwambia mtu, maana kulipokucha sikio lilikuwa bado limeziba, naye akaona ni maji yaleyale yamepungua kidogo tu. Mimi nililipata hili kwa kumuuliza mwenyewe, bibi akiwa ametoka nje kupokea simu. Katika habari zote alizonipa, hii ndiyo iliyonionyesha njia.

Jumapili alichukua vijiti vya pamba vya dada yake, vile vya kufutia wanja. Alitumia vitatu. Jumatatu bibi akapasha mafuta ya nazi kijikoni juu ya jiko, akadondosha kwa unyoya wa kuku, akaziba kwa pamba. Pamba ile ilikaa siku mbili mchana na usiku. Jumatano mjomba wake akaona dawa ni kusuuza: akachukua bomba la sindano, akaondoa sindano, akavuta maji ya friji na kuyasukuma sikioni. Mtoto akaona chumba kinazunguka, akatapika, akashika ukuta. Nyumba nzima ikaingiwa na hofu kuwa ni malaria. Wakampeleka kupima, damu ikaonekana haina kitu.

Alhamisi sikio likaanza kuwasha, tena mwasho wa ndani usiofikika kwa kidole. Akajikuna kwa kifuniko cha kalamu darasani. Ijumaa yakaja maumivu. Hawezi kulalia upande ule, hawezi kutafuna hata boflo, na mtu akimgusa sikio anaruka. Jumamosi ya pili jirani akawanunulia duka la dawa vidonge vya amoksilini, bila mtu yeyote kulichungulia sikio. Siku mbili za vidonge hazikubadilisha kitu, ndipo wakaja kwangu.

Simlaumu mtu katika orodha hiyo. Kila mmoja alifanya kwa mapenzi, na kila mmoja aliamini anachofukuza ni maji. Lakini hesabu yenyewe ni hii: tukio dogo la baharini lilipata matibabu sita kabla ya mtu mmoja kuuliza ndani mna nini.

Maswali kabla ya kugusa

Kwa mtoto aliyeruka majini swali langu la kwanza huwa: uliangukaje? Maji yakimpiga mtu sikio kwa ubapa, hewa iliyomo kwenye njia ya sikio hubanwa ghafla na inaweza kuipasua ngoma ya sikio. Ngoma ikipasuka, chochote kitakachodondoshwa baada ya hapo, iwe mafuta, spiriti au siki, kinaingia sikio la kati, mahali kisipotakiwa kufika. Kwa hiyo nikamuuliza: ulisikia maumivu makali papo hapo? Ilitoka damu? Ukipenga kamasi, unasikia hewa ikipiga mluzi sikioni? Zote akajibu hapana. Nikauliza kama udogoni aliwahi kuwa na sikio linalotoa usaha. Bibi akasema hapana, ila dada yake ndiye aliyekuwa nalo. Swali hili huku kwetu nalipa uzito mkubwa, maana watoto wengi wamewahi kuwa na masikio yanayovuja, na mwenye historia hiyo huenda ana ngoma yenye tundu asilolijua.

Kisha nikamfanyisha jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Nikamwambia afunge kinywa na agune, "mmm", kwa muda, aniambie mguno anausikia zaidi upande gani. Akaelekeza kulia, kwenye sikio lililoziba. Nikapumua. Sikio lililozibwa na kitu, maji au nta au uvimbe, huisikia sauti ya ndani ya kichwa kwa nguvu kuliko lile zima. Jaribu mwenyewe: ziba sikio moja kwa kidole ugune. Mguno ukikimbilia upande ulio mzima huku lile jingine likiwa limeziba ghafla, hapo kuna shaka kwamba tatizo liko ndani kabisa, kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Huo ni uziwi wa ghafla, na ni dharura: dawa zake hufaa zaidi zikianza mapema, ndani ya siku chache. Wenye uziwi huo hudhani ni maji ya kuogea au nta, wakakaa nyumbani wiki tatu wakisubiri yatoke. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alibebe kutoka kisa hiki hata akisahau mengine, ni mguno huo.

Mwisho nikabonyeza taratibu kile kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, kisha nikavuta ndewe kidogo. Akapiga kelele. Maumivu ya namna hiyo, yanayoongezeka sikio la nje likiguswa, huelekeza kwenye ngozi ya njia ya sikio. Sikio la kati likiugua, ndani nyuma ya ngoma, mtoto hulia usiku na huwa na homa au mafua, lakini mara nyingi ndewe unaweza kuivuta asishtuke. Huyu hakuwa na homa, wala uvimbe kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ambao ungenifanya nimpeleke hospitali kubwa siku ileile.

Nikatia otoskopu, kile chombo chenye taa cha kuchungulia sikio. Njia ya sikio ilikuwa imevimba hadi kubaki tundu jembamba, ngozi nyekundu, juu yake utando mweupe uliolowa. Sikuona vidoa vyeusi wala kitu kama manyoya, ambavyo vingenifanya nifikirie kuvu. Mbali ndani palikuwa na kitu cha kahawia kilichoziba njia yote. Ngoma haikuonekana. Nikachungulia na la kushoto, kama inavyotakiwa siku zote: lilikuwa na nta kidogo pembeni, kavu, na nyuma yake ngoma nzima.

Tone linavyokwama

Hapa nataka kusimama, kwa sababu tulichokosa kwa mtoto huyu si dawa. Tulikosa kujua mahali penyewe pakoje.

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, nyembamba, na haikunyooka. Mwisho wake umefungwa na ngoma. Chukua mrija wa soda, utumbukize kwenye glasi, ziba tundu la juu kwa kidole, uinue. Maji yanabaki ndani ya mrija ingawa chini ni wazi. Ukiachia kidole hewa inaingia juu na maji yanaanguka. Sikio ni mrija huo, na ngoma ndiyo kidole. Tone lililokaa karibu na ngoma hushikwa na kuta, na hewa haina pa kupita ili ichukue nafasi yake. Kadiri mrija ulivyo mwembamba ndivyo tone linavyoshika zaidi, na ndiyo maana watoto hupata tabu kuliko wakubwa.

Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Virginia Tech nchini Marekani walilipima jambo hili kwa mirija ya vioo na vielelezo vya njia ya sikio. Waliona kwamba kulitoa tone kwa kutikisa, katika sikio la ukubwa wa mtoto mchanga, kunahitaji nguvu ya kama mara kumi ya mvuto wa dunia, na wakaonya kwamba kutikisa kichwa cha mtoto mdogo kwa nguvu kama hiyo kunaweza kuudhuru ubongo. Nimewaona wazazi ufukweni wakimshika mtoto miguu, kichwa chini, wakimtikisa kwa nia njema. Wasifanye hivyo.

Cha kufanya ni kuiingiza hewa na kuinyoosha njia. Mtu alale ubavu, sikio lenye maji chini, juu ya taulo au kanga iliyokunjwa. Kisha ashike sikio alivute: kwa mkubwa na mtoto wa skuli ni juu na nyuma, kwa mtoto mdogo sana ni chini na nyuma, kwa sababu njia zao zimepinda tofauti. Huku akivuta alizungushe polepole na atafune kitu, au apige miayo. Kutafuna si mzaha: kiungo cha taya kiko mbele tu ya njia ya sikio, na kikisogea kuta nazo zinasogea, tone likaachia. Dakika tano za kulala hivyo zinafanya kazi kubwa kuliko nusu saa ya kuruka kwa mguu mmoja.

Likikataa, kuna kiganja. Kichwa kikiwa kimeinama upande, azibe sikio kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, abonyeze, aachie, abonyeze, aachie, haraka lakini bila ukali, mara kadhaa. Kiganja kinaponyanyuka kinavuta hewa, na tone hufuata. Mwenye draya ya nywele anaweza kuitumia pia, kwa moto wa chini kabisa, umbali wa kama sentimita 30, akiisogezasogeza asiiache mahali pamoja. Hewa ikihisiwa ya moto kwenye mkono ni ya moto zaidi kwenye ngozi ya sikio.

Kuna jingine wanalofundishana vijana: kuziba pua na kupuliza mpaka masikio yalie. Hilo ni la wapiga mbizi wa kina. Hewa ile inapita kwenye mrija unaounganisha koo na sikio la kati, nyuma ya ngoma, na inasaidia pale shinikizo la ndani na la nje lisipolingana. Tone lililo upande wa nje wa ngoma halina habari nalo. Mtoto wetu alipuliza sana siku ile, akapata kizunguzungu bure.

Kuhusu mchanganyiko wa spiriti na siki kwa vipimo sawa, ambao waogeleaji wengi duniani hutumia: unafanya kazi, na sababu zake ni za kweli. Spiriti inayapunguza maji nguvu ya kushikamana na kuyafanya yakauke upesi. Siki inaurudisha uchachu wa asili wa ngozi ya sikio, ambao bakteria na kuvu hawaupendi. Hata hivyo mimi siwafundishi watu kuuchanganya nyumbani kama jambo la kawaida. Spiriti za madukani kwetu hazifanani, sikio lililokwisha kukwaruzwa litaungua, na wenye ngoma zenye tundu ni wengi kuliko wanaojijua. Mtu mzima aliyewahi kukaguliwa, asiye na maumivu wala historia ya usaha, huyo nikimjua namwelekeza. Mtoto aliyetoka kuangukia sikio majini, hapana.

Kama hatua hizo zingefanyika jioni ya Jumamosi, na zaidi ya hapo lisifanyike lolote, naamini tone lingetoka vilevile lilivyotoka usiku. Lingebaki swali la pili, lile lililowababaisha wote: mbona maji yametoka na sikio bado limeziba?

Nta

Kile cha kahawia ndicho jibu. Nta hutengenezwa na vijitezi vilivyomo theluthi ya nje tu ya njia ya sikio, kwenye ngozi yenye vinyweleo. Si uchafu. Ina mafuta yanayozuia maji yasiilowe ngozi, ina uchachu unaozuia vijidudu, na husogea nje yenyewe, kwa sababu ngozi ya sikio hukua kuelekea mlangoni na kuibeba nta pamoja nayo, taya ikisaidia kila tunapokula. Sikio limeumbwa kujisafisha. Mtoto huyu, ninavyoona, alikuwa na nta ya kutosha upande wa kulia lakini iliyoacha upenyo. Bahari ilipoingia nta ikanywa maji, ikavimba, upenyo ukazibika. Ndipo mtu anapohisi maji yamekwama, na hisia ni hiyohiyo kabisa, hata mimi nisingeweza kutofautisha kwa kusikia tu. Ingeachwa, ingekauka na kusinyaa baada ya siku mbili tatu, au mtu angeilainisha na kuitoa.

Kijiti cha pamba kiliifanyia kinyume. Kichwa cha pamba ni kipana karibu sawa na njia ya mtoto. Kinachofuta ni kidogo, kinachosukuma ni kingi. Nta ikaenda theluthi mbili za ndani, kwenye ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, isiyo na vijitezi vyake. Hapo ndipo penye maumivu makali, na kuchubuka ni kwa wepesi. Na nyuma ya kizibo hicho unyevu wowote uliobaki haukuwa na pa kutokea.

Mafuta ya bibi nayaelezea kwa heshima, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Mafuta ya zeituni yaliyo safi hutumika hata hospitali kulainisha nta. Kosa halikuwa mafuta. Kosa ni kuyatia kabla ya kujua kama ngoma ni nzima, kuyapasha juu ya moto ambapo kijiko huwaka kuliko mtu anavyodhani, na kuziba kwa pamba siku mbili. Sikio lililolowa, lenye joto, lililofungwa, katika hewa ya Unguja ya Februari: vijidudu havihitaji mwaliko mwingine. Mara nyingi wanaoota hapo ni bakteria wa aina ya Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, na safari chache ni kuvu. Amoksilini haimuui kabisa huyo wa kwanza, ndiyo maana vidonge vya Jumamosi havikugusa kitu. Nalisema hili wazi kwa wenzangu pia: ngozi ya sikio la nje ikiugua, dawa yake ni matone yanayofika pale pale, na vidonge huhitajika kwa wachache tu, pale maradhi yanapotoka nje ya njia ya sikio au mgonjwa ana kisukari au kinga dhaifu. Mwenye kisukari mwenye sikio linalouma asijitibu hata siku moja, maana kwake maradhi haya yanaweza kuingia mfupani.

Na maji ya friji ya mjomba? Hayo yana historia ndefu. Daktari Robert Bárány wa Vienna aligundua kwamba wagonjwa aliowasuuza masikio walipata kizunguzungu maji yakiwa baridi, na pia yakiwa ya moto kupita kiasi, macho yao yakichezacheza kwa upande tofauti kila mara. Maji yenye joto la mwili hayakufanya hivyo. Baridi au joto hufika kwenye mifereji ya sikio la ndani inayotuwekea mizani, umajimaji uliomo ukaanza kusogea, na ubongo ukadanganyika kuwa kichwa kinazunguka. Kwa kazi hiyo ya mizani ya mwili alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Nilimsimulia mjomba alipokuja safari ya pili. Alikuwa amebeba hofu kwamba alimharibu mtoto, na ni haki yake kujua kwamba kutapika kule hakukuwa malaria wala kifafa.

Matibabu

Siku ya kwanza sikuondoa nta. Sikio lililovimba na kuuma halipigwi maji, na ngoma nilikuwa sijaiona. Nilikausha unyevu wa mbele kwa utambi wa pamba niliousokota mwenyewe, ulio mlaini, nikiona ninapokwenda. Kisha nikapenyeza utambi mwembamba wa kitambaa cha shashi kwenye lile tundu lililobaki, nikaulowesha matone ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ili dawa ifyonzwe hadi ndani ambako tone peke yake lisingefika. Matone ya jentamisini, ambayo ni rahisi kupatikana, niliyaacha kwa makusudi: yakipita kwenye ngoma yenye tundu yanaweza kuharibu usikivu. Kwa maumivu nilimpa parasetamoli kwa uzito wake, na nikasimamisha amoksilini.

Bibi nilimwonyesha kutia matone. Chupa ishikwe kiganjani kwanza ipate joto la mkono. Mtoto alale ubavu, sikio bovu juu, livutwe nyuma na juu, matone yaingie, abaki hivyo dakika tano. Hakuna pamba ya kuziba baadaye.

"Na udhu?" akauliza. Swali zuri, na wengi hawalisemi, wanakwenda nyumbani wakiwa na wasiwasi. Nikamwambia masikio katika udhu hupakwa kwa vidole vilivyoloa, na kidole hakihitaji kuzama shimoni. Kwa siku hizi apake kwa wepesi upande wa nje. Wakati wa kuoga aweke mlangoni mwa sikio pamba iliyopakwa vaselini, maji yasipite, na akimaliza tu aitoe. Hedifoni za kuchomeka, ambazo alikuwa nazo shingoni, zikae kabatini.

Jumatano walirudi. Alikuwa amelala usiku mzima. Uvimbe ulikuwa umepungua hadi utambi kutoka wenyewe, na nilipobonyeza kijinyama kile alikunja uso tu. Tukaendelea na matone bila utambi kutimiza siku saba.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ngozi ilikuwa imetulia na kizibo kimelainika, kimeachana na ukuta wa juu. Sikutumia bomba la maji, kwa kuwa bado sikuwa na hakika ya ngoma. Nikachukua koleo ndogo, bibi akamshika kichwa, nikavuta polepole. Kilitoka kizima: nta ya kahawia ya ukubwa wa punje ya choroko, na nyuma yake, imenata, imegeuka njano, pamba. Kichwa kizima cha kijiti.

Mtoto akatazama chini. Ndipo akasema kwamba kijiti cha tatu, siku ile ya Jumapili, kilitoka kikiwa kitupu, naye akakitupa akidhani pamba imeanguka sakafuni. Alikuwa na siku nyingi za kutusimulia na hakusimulia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwemo. Niliuliza alitia nini. Sikuuliza kama kila alichotia kilitoka. Tangu siku hiyo ni swali langu la kudumu.

Nikachungulia tena. Ngoma ilikuwa pale, nzima, rangi ya lulu, ikiakisi taa. Nikamwambia agune, akasema sasa mguno uko katikati. Nje ya dirisha kunguru walikuwa wakigombana tangu asubuhi, naye akageuka kuwatazama kama waliofika saa ile.

"Jumamosi hii naweza kwenda Forodhani?"

Jumamosi hii hapana, nikamwambia, na ijayo hapana. Ngozi inahitaji muda wa kurudisha nta yake. Baada ya hapo aende, na akitoka majini alale ubavu ukutani pale dakika tano, huku na huku, asione haya mbele ya wenzake.

Bibi alikuwa amekwisha simama, kisha akakaa tena. "Na hili la kushoto? Maadamu tupo hapa, si ulisafishe nalo?"

Nikamwonyesha kwenye otoskopu, yeye mwenyewe, jicho lake pale: nta kidogo pembeni, ngoma nyuma yake, njia kavu. Anasikia vizuri, nikamwambia. Hili sitaligusa.